Fannie Lou Hamer: mama mlima pamba aliyetafuta kura, kisha akatafuta shamba

Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja linarudi mu vijiji vyetu: kura inamsaidia nini mtu ambaye hana shamba wala chakula cha kesho? Swali hili si la Kongo peke yake. Kuna mama mmoja mkulima wa Marekani aliyeishi nalo maisha yake yote. Jina lake ni Fannie Lou Hamer. Aliacha masomo akiwa na miaka 12 hivi, hakuwahi kuchaguliwa kuwa mbunge, na alikufa maskini. Hata hivyo, jimbo lake halikubaki vile alivyolikuta.

Deni lisiloisha

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa 20 na wa mwisho wa baba James Lee Townsend na mama Lou Ella. Mababu zake walikuwa watumwa. Utumwa ulikuwa umekatazwa tangu 1865, lakini ardhi ilibaki mikononi mwa wazungu, na watu weusi waliendelea kulima pamba ile ile.

Wasomaji wetu wa Maniema, wa Uele na wa bonde la Ruzizi wanajua hadithi za wazee juu ya pamba. Mu mwaka huo huo wa 1917, wakoloni wa Ubelgiji walitoa sheria ya kulazimisha wanakijiji wa Kongo kulima mazao waliyoagizwa, na pamba ilikuwa mbele. Mississippi kulikuwa na njia nyingine ya kumfunga mkulima: daftari la madeni.

Ilikuwa hivi. Familia ilipewa kipande cha shamba ndani ya plantasyo. Mbegu, mbolea, unga na nguo walikopa kwa mwenye shamba au mu duka lake. Wakati wa mavuno waligawana pamba naye, nusu kwa nusu. Kisha mwenye shamba alifungua daftari na kukata madeni ya mwaka mzima. Daftari aliandika yeye, mizani ilikuwa yake, na bei alipanga yeye. Familia nyingi zilijikuta hazibaki na kitu, ao zingali na deni la kuanzia mwaka mwingine. Na mwenye deni hahami.

Fannie Lou alianza kuchuma pamba akiwa na miaka 6. Mwenye shamba alimkuta akicheza kando ya barabara, akamuahidi biskuti na sardini za mu duka lake kama angechuma paundi 30, karibu kilo 14. Mtoto akafurahi, akachuma. Baadaye alielewa kwamba siku ile alikuwa ameingizwa mu daftari sawa na wazazi wake. Alipofikia miaka 13 alikuwa anachuma zaidi ya kilo 90 kwa siku, hata kama mguu wake mmoja ulikuwa umelemaa kwa ugonjwa wa utotoni. Masomo ya watoto weusi yalifunguliwa miezi minne tu kwa mwaka, wakati shamba halikuwa na kazi.

Mara moja familia ile ilikaribia kutoka. Baba alikodi shamba lake mwenyewe, akanunua nyumbu wa kulimia na ng'ombe. Usiku mmoja mtu akatia sumu mu chakula cha wanyama, wote wakafa. Familia ikarudi kwenye kulima kwa nusu, na haikuinuka tena. Ni vizuri kukumbuka jambo hili kila mara tunaposikia kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu. Wazee wa Townsend walikuwa wamefanya kila kitu ambacho mkulima mwenye bidii anashauriwa kufanya.

Mu mwaka wa 1944 aliolewa na Perry Hamer, mwendesha trakta, na wakaishi mu plantasyo moja karibu na mji mdogo wa Ruleville, wilaya ya Sunflower. Kwa kuwa alijua kusoma, mwenye shamba alimpa kazi ya kuandika saa za wafanyakazi na kupima pamba. Mwenye shamba akiwa hayupo, mama Hamer alitumia jiwe lake mwenyewe la mizani, ili wachumaji walipwe kilo zao kamili. Ule ndio upinzani pekee aliouweza kwa miaka mingi.

Mu 1961 aliingia hospitali kuondolewa uvimbe mdogo tumboni. Daktari aliondoa kizazi chake chote bila kumuuliza. Mambo haya yaliwafikia wamama wengi weusi na maskini wa kule. Hakukuwa na tribunali ya kumsikiliza, hakukuwa na mbunge wa kumwandikia. Mbunge hakuhitaji kura yake, juu yeye hakuwa na kura.

Kura iliyofungwa kwa sheria

Katiba ya Marekani iliwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura tangu 1870, na wanawake tangu 1920. Lakini katiba ya jimbo la Mississippi ya mwaka wa 1890 ilikuwa imeweka vizuizi viwili. Cha kwanza ni kodi ya kichwa ya dola 2 kwa mwaka: asiyekuwa na risiti hapigi kura. Cha pili ni mtihani. Mtu alitakiwa kueleza maana ya kifungu cha katiba ya jimbo, na karani wa uandikishaji ndiye alichagua kifungu na ndiye alihukumu jibu. Mzungu asiyejua kusoma vizuri angepita. Mwalimu mweusi angeanguka.

Maneno ya sheria hayakutaja rangi ya ngozi, yalisema kodi na masomo tu. Lakini walionyimwa masomo na kulipwa makuta kidogo ni watu gani? Umaskini wenyewe uligeuzwa kuwa sababu ya kumkatalia mtu sauti. Na kwa kuwa hakuwa na sauti, hakuna aliyeleta masomo, barabara wala tribunali ya haki fasi alipoishi. Matokeo yake, mu 1964 weusi walioandikishwa Mississippi nzima walikuwa chini ya 7 kwa 100. Na hii mu jimbo ambalo wilaya zake nyingi, Sunflower ikiwemo, zilikuwa na weusi wengi kuliko wazungu.

Mu Agosti 1962 vijana wa shirika lililoitwa SNCC walikuja Ruleville kufanya mkutano ndani ya kanisa. Mama Hamer alikuwa na miaka 44. Kumbe hakuwa amewahi kusikia kwamba mtu mweusi ana haki ya kujiandikisha. Walipouliza nani atakwenda, akainua mkono.

Siku ya basi

Tarehe 31 Agosti 1962 watu 18 walipanda basi ya zamani hadi Indianola, makao makuu ya wilaya, karibu kilometa 40. Karani alimpa mama Hamer kifungu kigumu cha katiba, kinachohusu sheria zinazofuatwa kwa desturi bila kuandikwa. Akaanguka. Wakati wa kurudi, polisi walisimamisha basi na kumtoza dereva faini, wakisema rangi yake ya manjano inafanana mno na ya basi za wanafunzi. Abiria walichanga makuta kidogo waliyokuwa nayo ndipo wakaachiliwa.

Alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Mwenye plantasyo alimpa amri: aende kufuta jina lake, ao atoke. Alikuwa amefanya kazi pale miaka 18. Akatoka usiku ule ule. Bwana wake alilazimika kubaki mpaka mavuno yaishe, na mwishowe wakanyang'anywa gari na vyombo vya nyumba. Siku kumi baadaye, watu walifyatua risasi 16 ndani ya nyumba ambamo alikuwa amepewa kitanda. Hakuwa mle usiku huo. Walipopata nyumba nyingine, wakaletewa faktire ya maji ya dola 9,000, na nyumba yenyewe haikuwa na bomba.

Hakupelekewa askari wa kwanza mlangoni kwake. Alipelekewa kufukuzwa kazi, kufukuzwa nyumba na faktire ya uongo. Kwa mtu maskini, vitisho vya namna hii vinatosha, na ndiyo sababu weusi wengi walikuwa hawajathubutu kujaribu.

Mu Januari 1963 alirudia mtihani na akapita. Siku ya uchaguzi ilipofika, wakamwambia bado: hana risiti mbili za kodi ya kichwa.

Njaa kama fimbo

Majira yale ya baridi, mambo yaliharibika zaidi. Kati ya mavuno na kulima, wakulima wa kule waliishi kwa unga, mchele na maziwa ya unga yaliyotolewa na serikali ya Washington. Lakini kugawa kulikuwa mikononi mwa viongozi wa wilaya. Mu wilaya jirani ya Leflore, viongozi walisimamisha chakula hicho wakati weusi walipoanza kwenda kujiandikisha. Watu karibu 22,000 waliguswa. Wengi wao hawakuwa hata wamejaribu kujiandikisha.

Vijana wa SNCC na marafiki wao wa kaskazini walileta chakula na nguo kwa malori na kwa ndege. Kule Ruleville mama Hamer alikuwa mmoja wa wagawaji. Hapo kuna jambo ambalo tunapaswa kulisema wazi. Wamama walipokuja kutafuta nguo, aliwaambia waende kwanza Indianola wajaribu kujiandikisha, ndipo warudi. Hakuwaambia wampigie nani kura, wala hakuwa kandida siku hizo. Lakini mtu mwenye njaa aliyekatiwa chakula kwa sababu ya kura sasa alikuwa anaelekezwa kwenye kura kwa njia ya nguo. Sisi tunaojua kampanye za chumvi, bia na T-shirt tunaweza kujiuliza kama ni kitu kimoja. Tofauti iko, juu yeye alikuwa anawapeleka mahali yeye mwenyewe alikuwa ametangulia na kulipa. Hata hivyo inaonyesha vile ni ngumu kutenganisha kura na sahani, hata kwa mtu mwenye moyo safi.

Tarehe 9 Juni 1963, akirudi kutoka mafunzo, polisi wa mji wa Winona walimkamata na wenzake kwenye kituo cha basi. Mu boloko, waliamuru wafungwa wawili weusi kama yeye wampige kwa fimbo ya ngozi yenye chuma ndani, mmoja akichoka mwingine anashika. Figo na jicho moja havikupona tena. Mwanaharakati kijana, Andrew Young, alikuwa mmoja wa waliokuja kuwatoa. Desemba ya mwaka ule, wanabaraza wa tribunali, wote wazungu, waliwaachilia polisi.

Atlantic City, kisha Conakry

Mu 1964 wakulima, wamama wa nyumbani, walimu na wachungaji waliokatazwa kuingia mu chama cha Democratic cha Mississippi waliunda chao: Mississippi Freedom Democratic Party. Walifuata kanuni zote, wakachagua wajumbe 68, wakaenda kwenye mkutano mkubwa wa chama mjini Atlantic City kudai viti vya jimbo lao. Tarehe 22 Agosti mama Hamer alikaa mbele ya kamati na kusimulia basi, kufukuzwa na Winona. Televisheni zilikuwa zinarusha moja kwa moja. Rais Lyndon Johnson, akiogopa kupoteza kura za wazungu wa kusini, akaitisha mkutano na waandishi wa habari haraka haraka ili kamera zimwache. Haikusaidia: usiku televisheni zilirudia ushuhuda wake, na nchi nzima ikamsikia.

Wakuu wa chama waliwapa viti viwili tu, na majina ya watakaovikalia walikwisha kuyachagua wao wenyewe. Viongozi wengi wenye masomo walishauri kukubali. Mama Hamer na wenzake wakakataa. Hawakuwa wamepoteza kazi na nyumba ili watu wengine wawachagulie wasemaji wao.

Majira yale yale alisafiri pamoja na vijana wa SNCC hadi Guinea, nchi iliyopata uhuru miaka sita tu mbele yake. Rais Sékou Touré alikuja kuwasalimia. Kilichomgusa zaidi ni kuona weusi wakiendesha ndege, wakiandika mu benki, wakiongoza wizara. Mu Mississippi alikuwa hajaona mweusi nyuma ya meza ya ofisi ya serikali akiamua jambo.

Tarehe 6 Agosti 1965 Johnson alitia sahihi sheria ya haki ya kupiga kura. Mitihani ilisimamishwa, na serikali kuu ilituma maofisa wake kuandikisha watu. Mwaka uliofuata, tribunali kuu ya nchi iliondoa kodi ya kichwa mu chaguzi za majimbo. Kufikia 1967, weusi walioandikishwa Mississippi walikuwa wamefikia karibu 60 kwa 100.

Kura imepatikana, sahani bado tupu

Masimulizi mengi yanaishia hapo, na watu wanapiga makofi. Lakini mama Hamer alirudi Ruleville akakuta njaa imezidi. Mashine za kuchuma pamba na dawa za kuua majani zilikuwa zimechukua kazi za watu. Wenye plantasyo hawakuhitaji tena wakulima wa kwa nusu, na bila shaka hawakuhitaji wakulima wenye kadi ya uchaguzi. Chakula cha bure kilikuwa kinabadilishwa kwa kuponi za kununua kwa makuta, na familia isiyo na kazi ingepata makuta wapi? Mu Aprili 1967 maseneta Robert Kennedy na Joseph Clark walifika huko na kuona watoto wenye matumbo yaliyovimba, ndani ya nchi tajiri kuliko zote. Mwaka huo huo mama Hamer alimzika binti yake aliyemlea, mwenye mwili uliodhoofishwa na lishe mbaya, aliyefia njiani akipelekwa hospitali ya mbali. Alibaki na wajukuu wawili wa kulea.

Hapo ndipo aliongeza kazi ya pili. Kwa mawazo yake, familia yenye mboga mu bustani na nyama mu ghala haiwezi kutishwa na mwenye shamba siku ya uchaguzi. Akaanzisha benki ya nguruwe, akisaidiwa na shirika la wamama weusi la nchi nzima. Familia ilipewa nguruwe jike. Akizaa, familia ilirudisha baadhi ya watoto kwa benki ili jirani naye apate. Wanaofanya mzunguko wa mbuzi mu vijiji vyetu wanaijua njia hii vizuri. Mamia ya familia walipata nyama kwa njia hiyo.

Mu 1969 alianzisha koperative ya Freedom Farm. Walianza na ekari 40, yaani hektari 16, na makuta yaliyochangwa na watu wa kaskazini. Miaka miwili baadaye walikuwa na ekari karibu 680, zaidi ya hektari 270. Walilima maharagwe, mahindi na mboga za kula, na pamba na soya za kuuza ili kulipa deni la ardhi. Ada ya mwanachama ilikuwa dola moja kwa mwezi, na asiyeiweza hakufukuzwa. Wazungu maskini pia walipokea chakula. Familia nyingi zilisaidiwa kupata nyumba za kwanza zenye maji na choo ndani.

Sehemu hii ya kazi yake ndiyo iliyoanguka. Mvua nyingi na ukame viliharibu mavuno ya miaka ya mwanzo wa 1970. Deni la ardhi halikungoja. Michango ikapungua, juu wafadhili walipenda zaidi maandamano kuliko kulipia mbolea. Uongozi ulimtegemea mno yeye mwenyewe, na afya yake ilikuwa imekwisha. Kufikia 1976, karibu ardhi yote ilikuwa imepotea kwa madeni na kodi. Mu 1971 aligombea kiti cha seneti ya jimbo. Kura zilikuwa wazi kwa wote sasa, lakini wafanyakazi weusi wengi waliendelea kuogopa waajiri wao. Akashindwa.

Alifariki tarehe 14 Machi 1977 kwa kansa ya titi, mu mji wa Mound Bayou, akiwa na miaka 59. Andrew Young, yule kijana aliyekuja Winona, sasa alikuwa balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, na alihubiri siku ya maziko. Walimzika Ruleville, katika ardhi iliyokuwa ya koperative yake.

Leo Mississippi ni kati ya majimbo yenye weusi wengi waliochaguliwa kwa vyeo vya serikali. Na wilaya ya Sunflower ingali kati ya fasi maskini za Marekani. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na hatuwezi kuchukua moja na kuacha lingine. Kura iliondoa polisi wa Winona na mtihani wa Indianola. Ardhi ilibaki kwa wale wale, na anayekulisha bado anaweza kukunyamazisha bila sheria yoyote.

Tunaacha maswali haya kwa klabu zetu za wasikilizaji. Katika kijiji chenu, ni nani anashika daftari na mizani: mwenye shamba, mfanyabiashara, mkubwa wa koperative, ao mgawaji wa msaada? Siku ya kura, mtu anayemdai deni jirani yake anaweza kumwambia nini? Na koperative yenu, mwenye kuianzisha akiugua kesho, nani anajua hesabu zake?